Nilimkalisha Chini

Ifakara, Jumapili

Mama Agapiti mpenzi,

Pole na kuamia ndege wasile mpunga huko Michenga. Huku kuku ametagia kwenye beseni la nguo, na mwanao amelamba sabuni, ila usiogope, anacheka tu.

Jana kwenye simu uliniuliza kama ameanza kutembea, nikasema bado. Nilikudanganya. Juzi aliachia stuli akanifuata, miguu ikitetemeka. Nikakukumbuka, nikamkalisha chini. Akainuka, nikamkalisha tena. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kumwona.

Leo nimemsimamisha mwenyewe, nikanyoosha mikono, nikamwita. Akanitazama usoni, halafu akakaa chini bila kuguswa.

Waache ndege wale mpunga siku moja. Njoo umwite wewe.

Ni mimi,
Baba Agapiti