Milioni Moja na Moja

Tata,

Baba yangu, sikuandikii kukuombea pumziko la milele. Wengine watakuombea. Nakuandikia kwa sababu ya namba uliyoichora kwa mkaa ukutani, jikoni kwetu Kaagya: 1000001.

Nilikuwa darasa la saba. Nilikuuliza mbele ya kaka Mutalemwa kibanja, shamba letu la urithi, utatugawiaje. Hukukasirika. Ulicheka, ukaokota mkaa.

"Isome toka kushoto, isome toka kulia, ni ileile. Nzima, kama kibanja cha baba yangu. Tafuta namba ya kuigawa bila baki. Ukiipata, na kibanja nitakigawa."

"Nijaribu hadi ngapi, Tata?"

"Hadi mia. Kisichogawanyika chini ya mia hakigawanyiki. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nilimaliza daftari zima. Kwa tatu, baki mbili. Kwa saba, baki mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena. Ulikuwa unapita na kikapu cha kahawa, unanizomea:

"Mwalimu, umefika wapi?"

"Tisini na saba."

"Bado tatu. Vuta pumzi usije ukazimia."

Mutalemwa alicheka hadi akakaa chini.

Nilipofika mia mikono mitupu, ukasema kibanja chote ni cha Mutalemwa. "Wewe una wajomba Muleba. Hawakosi pa kukulaza." Mtoto wa kiume, ukanipeleka kwa wajomba kama kuku wa kufugiwa. Muleba sikudumu. Sasa nakata miwa Morogoro, na jioni mgongo huu hauniruhusu hata kuinama nifungue viatu.

Wiki iliyopita mvua ilisimamisha kazi. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikairudia namba yako. Utu uzima huu, bado nilikuwa naiogopa ile mia. Nikaivuka.

Mia na moja, Tata! Mia na moja inaingia mara 9901, baki hakuna. Nimerudia mara nne. Hizo mbili nazo nimejaribu kuzivunja, hazivunjiki. Namba yako ina wagawaji wawili tu wa kweli, mkubwa na mdogo. Kama wanao.

Mnyapara wetu, aliyesoma, anasema kanuni yako ya mia inafaa namba zisizofika elfu kumi tu. Basi niambie: ulikosea, au ulijua? Kama ulikosea, ujinga wako umekula maisha yangu. Kama ulijua, uliniona nimebakiza hatua nne tu, ukaniambia nivute pumzi.

Jana Mutalemwa alinipigia simu. "Mdogo wangu, njoo tumjengee mzee kaburi."

Nitakuja. Nitakuja na kamba, na miche ya mlamula, mti wetu wa mpaka. Yeye achukue sehemu kubwa, ndogo inanitosha. Umelala katikati ya kibanja, kwa hiyo mpaka utaanzia kwako. Nitasimama kichwani pako nihesabu hadi mia, nikikusubiri ukatae.

Kisha nitahesabu moja zaidi, nichimbe shimo la kwanza.

Mwanao wa pili