Nyanya Zilizougua

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako, mgongo umetulia, na miwani umeiona bila kumsingizia Mama kwamba kaificha. Mimi mzima, isipokuwa uchovu. Nalala vizuri na naamka nimechoka vilevile. Mwambie Mama sweta aliyonifumia naivaa hata ndani ya nyumba. Kaka naye mwambie utani wake kuhusu ndoa yangu umefika, na kwamba aanze yeye.

Ningepiga simu, lakini najijua. Ningeuliza habari za mgongo, ningeuliza habari za kuku, halafu ningesema mtandao unasumbua. Kwenye karatasi sina cha kusingizia.

Mara ya mwisho uliniuliza kazi inaendaje, nikajibu kwamba inaendelea. Ndivyo tunavyojibu sote hapa. Utakumbuka nilivyokueleza: nataka kujua kama mnyanya ulionyimwa maji hushikwa na ukungu haraka kuliko mnyanya ulioshiba. Tunauita msongo wa mimea, nawe ulicheka ukauliza mnyanya una wakwe gani wa kuusumbua. Nilimsimulia Profesa, naye akacheka, jambo lisilotokea kila mwaka. Basi siku zangu zinaishia kwenye nyumba ya vioo tunamokuzia miche, ambamo kuna joto la kukausha nguo. Napima unyevu wa udongo, nakata vipande vya majani, navipeleka maabara. Baadhi ya miche nainyima maji kwa makusudi, na huwa naiomba radhi kimoyomoyo. Wanaiita shahada ya uzamivu. Kuzama nimezama, Baba, bado kuibuka.

Mwezi uliopita majani yalianza kubadilika. Yalipata mabaka, huku kijani kibichi, huku kijani kilichopauka, kisha yakajikunja. Mwanzoni nilidhani ni kiu. Lakini hata ile miche iliyokuwa inakunywa na kushiba, ambayo kazi yake ni kubaki mizima ili tuilinganishe na wagonjwa, nayo ikaugua. Bila hiyo sina utafiti, nina bustani mbovu tu.

Tukapima, na vipimo vikasema ni virusi vya tumbaku. Havimdhuru mtu, ila hubaki hai ndani ya sigara, na mvutaji akiishika sigara kisha akashika mnyanya, keshauambukiza. Ndiyo maana mlangoni kwetu kuna sabuni na tangazo kubwa la kunawa.

Hapo macho yote yakamgeukia jirani yangu wa meza, ambaye tunamwita Jiko kwa sababu ya moshi wake. Ndiye mvutaji pekee anayejulikana pale. Isitoshe, nilipolala na homa, yeye ndiye aliyeninyweshea miche, tena bila kuombwa. Profesa alimuuliza kama alinawa, Jiko akasema alinawa. Profesa akasema mimea haina sababu ya kudanganya. Sasa amezuiwa kuingia kwenye nyumba ya vioo, na Jumatatu kuna kikao cha kuamua kama aondolewe kwenye masomo, ilhali amebakiza sura ya mwisho ya tasnifu yake. Jana alinisimamisha kwenye korido akaniomba msamaha. Alisema pengine siku ile alikuwa na haraka na hakunawa vizuri.

Baba, kaa vizuri. Mimi navuta sigara.

Nilianza mwaka jana majaribio yangu ya kwanza yalipoharibika. Huwa nasimama nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka, na siku ile nilijiambia ni moja tu ya kupumzisha kichwa. Mikono nanawa, tena nasugua mpaka viwikoni. Lakini sigara nazificha kwenye mfuko wa koti la maabara, na ndani ya mfuko huohuo ndimo unamokaa mkasi wangu wa kukatia majani. Nilipoitazama miche upya niliona kwamba iliyotangulia kuugua ni ile niliyoikata, ikafuata iliyokuwa imegusana nayo. Ile ya pembeni ambayo sikuwahi kuikata, na ambayo Jiko aliinywesha kama mingine yote, bado iko salama. Profesa hajaliona hilo. Mimi nililiona nikanyamaza, na Jiko alipoomba msamaha nilimwambia asijali. Nilimwambia asijali, Baba!

Nikiitia barua hii posta naenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa. Ikishatumbukia kwenye sanduku sitaweza kuitoa, na ndivyo ninavyotaka, maana mguu wangu unajua kugeuka njiani. Miche yote itang'olewa ichomwe. Nitaambiwa nianze upya, au nitaambiwa nifungashe. Nimechoka kiasi kwamba hilo halinitishi tena. Ninayemwogopa ni wewe. Nilipokuwa mdogo nililoweka sigara zako kwenye ndoo ya maji, nikakulilia mpaka ukaacha. Ulitetemeka mikono wiki nzima, ukamfokea Mama, ukamfokea Kaka, ukawafokea hata kuku, ila mimi hukunigusa hata kwa neno. Sikujua uliacha kitu kizito namna gani. Leo najua, kwa sababu nimejaribu kukiacha nikashindwa.

Mama msomee yote, usiruke mstari. Wape salamu majirani, na wanaoniita daktari kabla ya wakati waambie wapunguze kidogo. Utunze mgongo wako, na tafadhali usirudie sigara kwa sababu yangu. Hasira zikikupanda, safari hii nifokee na mimi.

Mwanao,
Kitindamimba