Jeep ya Arusi Yakosa Baridi, Yaya Sadiki Atuma Vitambaa vya Kidonda

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA JEEP YA ARUSI, KAMINA

Tarehe: Jumatano, 9/7/2025. Kiliitwa saa nane, kikaanza saa nane na dakika arobaini. Saa nane kamili alikuwepo mwandishi peke yake.
Mahali: Gereji ya Bibiche, nyuma ya gare, stesheni ya treni.
Waliohudhuria: Papa Mukalay, mwenyekiti; Mwalimu Abner, mshauri; Mama Bibiche, dereva; Précieux, mwandishi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.
Hakuwepo: Yaya Sadiki, kaka yetu mnunuzi. Yuko Lubumbashi, ametuma kifurushi na barua.

KUMB. NA. 1/7: HALI YA JEEP
Dereva alieleza kwamba jeep inamzidi mwandishi umri, motere bado inavuta, lakini klima imekufa. Kilichokufa ni compresseur, pampu ile inayosukuma gesi ya baridi. Madirisha yakifungwa, abiria wanaiva. Yakifunguliwa, vumbi lote jekundu la njia ya Luena linaingia. Ilikumbushwa arusi ya mwezi wa sita, shangazi ya bwana arusi alipouliza: "Bibi arusi njo yuko wapi? Minyi naona tofali tu."
Mwenyekiti alisema kwamba Jumamosi hii anayepanda kwenda Luena ni Mira, binti yake wa pekee, na hatafika kama tofali. Alipiga meza. Bibiche aliomba meza yake isipigwe.

KUMB. NA. 2/7: KIFURUSHI
Kilifunguliwa mbele ya wote. Ndani mlikuwa na katoni ya compresse, vitambaa vyeupe vya kufungia vidonda. Barua ya Sadiki ilisomwa: "Bandugu, muliniandikia compresse ya jeep. Nilishangaa, nikamuuliza Précieux kwa simu. Akanijibu: weye nunua tu, kubwa kubwa. Njo hizi."
Mwalimu Abner alieleza, kwa muda mrefu kuliko lazima, tofauti ya compresse na compresseur. Aliongeza kwamba alimfundisha mwandishi miaka miwili darasa lilelile, na miaka yote miwili mwandishi alikuwa anaangalia dirishani. Mwandishi alijibu kwamba zimekosekana herufi mbili tu, U na R.
"Kijana, kwa herufi mbili Mira aende Luena amefungwa bandeji?" aliuliza Mwalimu.
Alipendekeza mwandishi aondolewe. Hoja iliwekwa pembeni, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja na kalamu.

KUMB. NA. 3/7: JEEP YA PILI
Bibiche alikumbusha kwamba jeep kama hii hii imelala nyuma ya dispensaire, yaani zahanati, ya Mama Phébé, muuguzi, ng'ambo ya barabara. Kuku wanataga ndani, ila compresseur yake ni nzima.
Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Sababu iandikwe: mwaka jana, bwana ya Mama Phébé alipokufa, jeep yetu ilikuwa kwenye arusi Bukama, Mwenyekiti akakataa irudi, na marehemu alisukumwa kwa mkokoteni mpaka makaburini. Tangu siku ile Mama Phébé hamsalimii. Ameombwa auze hicho chuma mara tatu, mara tatu amekataa.
Mwandishi alitoa wazo (iandikwe vizuri: mwandishi) kwamba katoni ipelekwe kwake. Kikao kizima kilivuka barabara.

KUMB. NA. 4/7: KWA MAMA PHÉBÉ
Alikutwa anachana shuka la zamani, kwa kuwa vitambaa vya vidonda vilimwishia. Aliangalia katoni, kisha Mwenyekiti.
"Hii njo bei?"
"Hapana, Mama. Hii ni ya bagonjwa, hata ukitukatalia. Na siku ile ya bwana yako, minyi nilikosa. Unisamehe."
Mwandishi aliandika haraka, Mwenyekiti asije akakana.
Mama Phébé aliweka shuka chini. Halafu alifukuza kuku juu ya jeep yake.
"Bibiche, fungua. Lakini baridi ya kwanza iko yangu. Ijumaa mutanipeleka makaburini kwa bwana yangu, madirisha yote yamefungwa. Mira atapanda nyuma yangu, Jumamosi."
Mwenyekiti alikubali kabla Mama hajamaliza kusema.
Mwalimu Abner aliirudisha ile hoja ya kumwondoa mwandishi.
"Huyu?" alisema Mama Phébé. "Mumuache. Angejua kuandika, mungekuja mikono mitupu."
Hoja ilikufa.

Watu walitawanyika saa kumi na robo, Bibiche akiwa tayari chini ya jeep na spana, kuku wakimlalamikia. Ijumaa saa tatu asubuhi jeep isimame mbele ya dispensaire. Mama Phébé atakaa mbele. Mwenyekiti ameomba akae nyuma, abebe maua.

Mukalay, Mwenyekiti (saini)
Précieux, Mwandishi bado (saini)