Baba, Si Wewe Uliyekuwa Ukilitikisa Gari

Baba mpendwa,

Huko uliko sijui kama habari za magari hufika. Za hapa nyumbani Kosele nitakupa mimi, ingawa aibu imenijaa hadi sijui nianzie wapi.

Pikapu yako, ile Datsun kuukuu, inatembea tena. Ulipotuacha ilikuwa imeegeshwa kando ya dero, ghala la mahindi la Mama, injini yake imekufa kabla yako, na sote tulijua usingependa iuzwe vipande vipande. Nikaitafutia injini nyingine huko Migori ninakofanya kazi ya ufundi. Niliipata kwa wauza vyuma, imetolewa kwenye gari lililopata ajali na mwenyewe akafariki. Kwetu sisi mafundi hilo ni jambo la kawaida, injini nyingi nzuri huja kwa njia hiyo. Ila nilipiga domo, nikalisimulia mezani mbele ya shangazi.

Injini hiyo ilikuja na gia boksi yake, ndefu kuliko ya kwanza. Ili ipate nafasi chini ya gari niliuinua mkia wa gia boksi hiyo, nikachomelea chuma cha kuushikilia, nikajipongeza. Gari liliwaka mara moja. Lakini siku niliyompeleka Mama Homa Bay kliniki, nilipoongeza mwendo tu, sakafu ikaanza kutetemeka, kisha viti, kisha kioo cha kando kikawa hakionyeshi kitu. Nikipunguza, linatulia. Mama alishika mlango kwa mikono miwili hadi tulipofika.

Nilibadilisha kila kitu ambacho fundi hubadilisha. Magurudumu niliyasawazisha. Propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu inayozungusha magurudumu ya nyuma, niliitoa ikapimwa kama imepinda, nikairudisha na viungo vipya. Gari likatetemeka vilevile. Ndipo shangazi akatoa hukumu yake, pale pale uani, huku akimenya viazi vitamu.

"Watu wawili wamekufa, wewe unawalaza chini ya boneti moja," aliniambia. "Utashangaa wakipigana? Baba yako hataki injini ya wenyewe."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na ningebaki hapo leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Kisha nikaenda Karungu kuchukua mchanga wa kusakafia kaburi lako, nikaujaza hadi juu, na kutoka huko hadi nyumbani gari lilitulia tuli. Shangazi alipiga makofi. Alisema umefurahi kwa sababu umejua ni mchanga wa nyumba yako. Tulipoushusha, safari iliyofuata gari likatetemeka upya, na safari hii mimi sikucheka.

Baba, mimi ni fundi. Gari likitulia likiwa na mzigo na kutetemeka likiwa tupu, fundi anajua pa kuangalia. Lakini nilikuwa nimechoka, na kusema ni wewe kulinifaa. Kama ni wewe, basi si mikono yangu. Akina mama wa kanisa walipokuja kuliombea gari nilivua kofia, nikaweka kiganja changu juu ya boneti pamoja na vyao, nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Tulikuwa tunaomba uache hasira.

Hasira gani? Wewe uliyekuwa ukimpa ng'ombe pole kabla ya kumfunga kamba? Nilipokuwa kidato cha pili nililirudisha nyuma gari hilohilo nikaangusha dero ya Mama pamoja na mahindi yake yote, nikakimbia nikajificha shambani. Ulikuja ukanitafuta kwa utulivu, ukaketi kando yangu kwenye udongo, ukavua viatu kutoa mawe. Nilikuwa nangoja kofi. Ukasema, "Dero tutajenga. Njoo kwanza nikuonyeshe kutazama nyuma." Huyo ndiye mtu niliyekubali asemwe kuwa anaitesa familia yake kwa ajili ya injini.

Na ubaya haukuishia kwenye gari. Mama aliyekuwa akikuamkia kila asubuhi akipita kaburini kwako mbele ya nyumba, akaanza kutumia mlango wa nyuma, wa jikoni. Alikataa kupanda pikapu. Akaacha hata kukutaja, anasema "yule". Niliyaona yote hayo nikanyamaza, nikakubali gari liuzwe.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kegonga. Asubuhi aliyotarajiwa kuja kulijaribu, nilifanya jambo ambalo hata kuliandika kunanichoma uso. Nilichukua sepetu nikaanza kupakia mchanga uliobaki, ili alikute gari limetulia. Ningemwambia nimetoka nao kazini. Nilikuwa katikati ya kupakia nilipoona springi za nyuma zinalala, bodi inashuka, na propela chini yake inazidi kunyooka. Sepetu ikanikaa mkononi. Hapo nikajiona vizuri: kumbe nilijua. Mtu anayeamini kwamba ni marehemu anayelitikisa gari hampakii mchanga kumficha.

Nilimpigia mnunuzi simu nikamwambia asije. Nikalala chini ya gari na pimamaji ya seremala. Gia boksi ilikuwa imeinua mkia kwa sababu mimi niliuinua, wakati difu inatazama upande wake, hivyo propela ikawa inazunguka huku imekunjwa vibaya ncha zote mbili. Nilikata kile chuma changu, nikaushusha mkia, nikaweka kabari kwenye springi hadi pande mbili zikalingana. Ilikuwa kazi ya siku moja. Kwa kazi ya siku moja nimekusingizia miezi.

Jana nilimsihi Mama apande, akakubali shingo upande. Tulishika lami ya kuelekea Homa Bay, gari tupu, nikakanyaga mafuta. Halikutikisika. Aliuachilia mlango polepole. Nikamweleza yote, ya gia boksi, ya mchanga, ya mnunuzi, bila kujipunguzia. Akatazama nje, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo bwana yangu nimemtoroka bure?"

Akaniambia nigeuze gari. Tulipofika alishuka kabla sijazima injini, akazunguka mbele ya nyumba, akaketi kwenye saruji ya kaburi lako na kuanza kukueleza mambo kwa sauti ya chini, mengi, ya miezi yote ambayo hakusema nawe. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Ni mwendo mfupi mno kutoka pale hadi kwako, na miguu ilikataa. Ndiyo sababu nakuandikia barua, Baba, ilhali ningepaza sauti kidogo ungenisikia.

Pumzika. Nitakuja mwenyewe nikipata uso wa kuja nao.

Ni mimi, kifungua mimba wako.