Mama Aliomba Sura Moja

Dada yangu mpendwa,

Hatujambo. Viatu ulivyowatumia wanangu vimewatosha, ila mdogo anataka kulala navyo. Karakana inakwenda, nimepata kazi ya mageti mawili.

Kuhusu Mama, watu wote nimewaambia aliteleza. Wewe sitakudanganya. Jumapili jioni aliniomba nimsomee sura moja ya Biblia. Nikamwambia, "Mechi ikiisha tu, Mama, nakuja." Akajibu, "Haya baba, nenda." Mechi iliisha, nami nikabaki kubishana na mafundi wenzangu, simu nimeizima. Niliporudi nilimkuta sakafuni. Alikuwa ameinuka kuifuata Biblia juu ya kabati, akaanguka. Nyonga imevunjika.

Nilipombeba hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mlishinda, baba?" Dada, heri angenichapa. Miaka yote hii Mungu nimekuwa nikimpa makombo ya muda wangu.

Kesho asubuhi anapasuliwa, na kwa umri wake daktari hakunificha hatari. Leo ni mechi ya marudiano. Wenzangu wamepiga honi nje ya wodi, mmoja akachungulia dirishani: "Fundi, twende! Mama si yuko na wauguzi?"

"Nendeni," nikamwambia. "Mimi nasoma."

Tangu mchana namsomea. Amefumba macho, lakini nikinyamaza hunigusa mkono ili niendelee. Nimetua kidogo nikuandikie haya, na sasa ananigusa tena.

Tuombee sote wawili.

Mdogo wako,
mchomelea vyuma