Nilikiita mgeni

Jumanne, Sake. Mvua tangu alfajiri. Nimekaa kwenye benchi la hospitali, suruali imelowa hadi magotini.

Miaka minne iliyopita dada yangu mdogo, Esperance, aliwekewa pile ya moyo: kisanduku chini ya ngozi ya kifua, na nyaya mbili zinazopita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Moyo wake ukiachwa peke yake husahau kupiga. Pile huukumbusha.

Mwezi uliopita, kule kwetu Kirolirwe, aliniuliza mbona pale juu ya pile pamekuwa pagumu. Nilifurahi mno. Nimefundisha biolojia hadi nikazeeka, na swali kama hilo siliachi lipite. Nikamchorea kwenye daftari. Mwili hauwezi kukimeng'enya kitu hiki wala kukitema, nikamwambia, kwa hiyo unakizungushia ukuta wa kovu. Nyaya nazo hushikwa hivyo hivyo, zisiteleze.

"Pile ni mgeni," nikasema, "na mwili umemjengea chumba."

Mgeni. Katika Masisi yote hii, nikachagua neno hilo.

Huku kwetu wanaoitwa hivyo hufukuzwa, huondoka na magodoro kichwani. Esperance amewaona. Mwaka mmoja tuliitwa hivyo sisi wenyewe.

Jumapili alishikwa na homa. Nilipofungua blauzi nikakuta chale sita juu ya pile, zinatoa usaha. Alikuwa amemwita mganga kutoka Walikale, naye akamchanja na kumpaka majani ili kile kitu kitoke.

"Si njo wewe ulisema iko mugeni, kaka," akaniambia, bila hasira. "Mugeni anarudia kwao."

Leo daktari ameniita pembeni. Vijidudu vimejificha kwenye pile, dawa haivimalizi. Lazima pile itolewe, na nyaya pia. Lakini kovu limezigandisha kwenye mshipa na moyo. Zikivutwa, huenda mshipa au moyo ukapasuka. Zikiachwa, usaha utaingia moyoni.

Ukuta ule ule niliousifia.

Nilirudi kitandani kwake. Akacheka kidogo.

"Mwalimu, leo hauchore?"

"Leo hapana."

"Wataivuta tu, si njo vile?"

"Wataivuta tu."

Akalala. Sijawahi kutoa jibu fupi hivyo maishani.

Kesho gari la kumpeleka Goma kupasuliwa likifika, naye akaniomba daftari, nitamchorea nini?