Maneno Matano ya Kukariri

Dauphin, Manitoba
9 Novemba

Kaka yangu Orest,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Marusia. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ukiacha huu mkono wa kushoto usiotaka kutulia. Theluji imeshafika magotini.

Kila Alhamisi bado tunakutana ukumbi wa chini wa kanisa kufinya pirohi, vile vimfuko vyetu vya unga vyenye viazi ndani. Zangu zinatoka zimepinda, na mwenzangu Olha hunitania eti nazitengenezea masikio. Namwambia ale anyamaze.

Sasa habari za kliniki. Huu ni mwaka wa tatu wananitoa damu kwa ule utafiti wa wagonjwa wa Parkinson, huu ugonjwa wangu wa kutetemeka. Daktari Petrash alinieleza kwamba seli za ubongo zikiumia, protini fulani huvuja ikaingia kwenye damu. Ikipanda, huenda akili nayo ikaanza kuchoka. Yangu haijapanda. Alinionya kwamba damu si mpiga ramli, lakini dalili ni njema. Nililia pale pale kitini kwa furaha, maana nilikuwa nikimfikiria baba, aliyekufa kwa ugonjwa huu huu akiwa amesahau hata majina yetu.

Lakini kaka, nina la kuungama. Zile alama za mtihani wa kumbukumbu ulizojivunia kwa jamaa wote, nilizipata kwa hila. Nesi hukusomea maneno matano, baadaye akakuuliza. Kila mwaka ni yale yale: kiatu, ziwa, pazia, asali, bluu. Nimeyakariri miaka miwili huku nafinya pirohi, hata Olha akauliza ni sala gani hiyo isiyo na Mungu. Ulisema alama zikishuka nitahamia kwenu Saskatoon, nami naipenda nyumba yangu. Niliogopa.

Siku ile ya majibu roho ilinisuta, nikamwambia daktari. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema, “Mama Halyna, damu haikaririwi!” Kisha akanisomea maneno mapya. Nilikumbuka manne. La tano lilinipotea, na halijarudi hadi leo.

Hayo manne ni yangu ya halali. Nimemwomba daktari kuanzia sasa majibu yote akutumie na wewe, mazuri kwa mabaya. Siku yakiwa mabaya, usijisumbue kunibembeleza. Washa gari tu uje. Utanikuta nimeshafunga mizigo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako akupendaye,
Halyna